Mtu akiiba jina lako

Mwizi wa kuku huacha manyoya uani. Mwizi wa baiskeli huacha alama za magurudumu mavumbini, na jirani aweza kusema: nimemwona akishuka upande wa mtoni. Lakini yuko mwizi mwingine, asiyevunja mlango wala kuruka ukuta. Akiisha kuiba, kila kitu chako kingali mahali pake: viti, masufuria, nguo kambani. Wewe walala usingizi mzuri, naye huko aliko anajiita kwa jina lako, anaonyesha karatasi zako, anakopa, anaomba msaada kwa ndugu zako, hata anatia sahihi. Utakapokuja kujua, watu wamekwisha kukutazama kwa jicho jingine, nawe huna hata manyoya ya kuonyesha.

Mengi yameandikwa juu ya namna ya kujilinda na wezi wa namna hiyo, nayo ni mema. Leo twataka kusema na wale waliokwisha kuibiwa. Afanye nini mtu ambaye jina lake liko mikononi mwa mwingine? Aanzie wapi, katika nchi yetu ya Kongo, ambamo karatasi ni chache na ofisi ziko mbali?

Tuseme yuko mama mshonaji wa nguo, mkaaji wa komine ya Katuba, mjini Lubumbashi. Hatumtaji mtu fulani. Mambo haya yaweza kumpata mama yeyote. Huyu ndiye mtunza sanduku wa likelemba ya wanawake 12, nayo pesa ya wenzake iko ndani ya simu yake, maana siku hizi sanduku la chuma limekwisha kuachwa. Jumamosi asubuhi simu yake inapoteza mtandao. Anadhani ni mnara, anaendelea kushona. Saa 9 alasiri shemeji yake wa Likasi anafika mlangoni amevaa viatu vya safari, anauliza: «Mtoto anaendeleaje huko hospitali?» Mtoto gani? Yule ambaye asubuhi uliniandikia kwamba anapasuliwa, nami nikatuma dola 50. Mtoto yuko uani anacheza mpira. Basi mama anatafuta simu ya jirani, anauliza habari za akiba yake: pesa ya likelemba haipo tena.

Hapo tusimame kidogo. Hasara ya kwanza ni pesa, nayo inauma. Lakini hasara iliyo kubwa kuliko pesa ni hii: Jumatatu wanawake 11 watakuja kudai haki yao, naye atawaambia, «Nimeibiwa.» Ni neno lile lile ambalo mtunza sanduku mwenye hila angelisema. Watamjuaje mwenye kweli na mwenye hila? Mwenye kweli ni yule aliyepiga kelele siku ile ile, tena mwenye karatasi ya kuonyesha. Kwa hiyo saa zile za kwanza zina thamani kuliko siku zote zitakazofuata.

Kwanza tueleze jinsi mwizi alivyofanya, maana anayejua njia ya mwizi aweza kuiziba. Mara nyingi huanzia kwenye kopi ya kitambulisho, ile tuliyoisahau katika duka la fotokopi, au picha ya kadi tuliyompelekea mtu asiyejulikana aliyetuahidi kazi. Akiwa na hiyo, aenda kwa mwuza laini asiye mwangalifu, au mwenye kushirikiana naye, anasema: laini yangu imepotea, nipe nyingine yenye namba ile ile. Mara laini mpya inapoamka, ya kwako inakufa. Ndiyo sababu simu ya yule mama ilipoteza mtandao; haukuwa mnara. Tangu hapo ujumbe wote unaokuja kwa namba yako unamfikia yeye, na akijibu maswali kwa kutumia karatasi zako, aweza kujaribu kubadili hata namba ya siri ya pesa. Njia ya pili ni nyepesi zaidi. Anakuandikia kwa jina la rafiki yako, ambaye naye ameibiwa jana, akisema: «Nimekupelekea tarakimu 6 kwa kosa, nirudishie.» Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimpa, yeye ndiye mwenye nyumba, nawe umesimama barabarani.

Basi, ikiwa mambo hayo yamekupata, usingoje kesho. Omba simu ya mtu mwingine, uite kampuni ya laini yako, udai wafunge namba pamoja na akiba ya pesa, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Halafu uende mwenyewe, kwa miguu yako, mpaka duka kubwa la kampuni hiyo, si kwenye kabini ya kando ya njia, ukichukua kitambulisho chenyewe. Dai mambo mawili: kurudishiwa namba yako, na kupewa orodha ya pesa zilizotoka, yenye siku, saa na namba zilizozipokea. Tena uliza ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lako. Watu wengine wamegundua kwa swali hilo kwamba ni wenye laini wasizozijua kabisa, na laini ya namna hiyo ikitumiwa kwa uhalifu, polisi hufuata jina lililoandikwa.

Namba ikirudi, ingia tena katika WhatsApp kama mtu anayeanza upya. Utapokea tarakimu 6 kwa ujumbe. Ukiziandika, mwizi anatupwa nje mara moja. Ikiwa yeye alikwisha kuweka namba yake ya siri juu ya mlango huo, itakubidi kungoja siku 7 kabla ya kuingia, lakini hata hivyo yeye hayumo tena. Ukiisha kuingia, tazama vyombo vilivyounganishwa na akaunti yako, ufute usivyovijua, uweke namba ya siri yako mwenyewe. Kwa upande wa Facebook, mwizi akitengeneza ukurasa wenye picha yako, upige picha ukurasa huo kwanza, ndipo uwaombe rafiki zako wengi waushtaki pamoja nawe ufutwe. Ukifutwa kabla ya kupigwa picha, ushahidi umekwenda nao.

Lakini kazi yenye maana kuliko zote katika saa hizo haitaki mashine. Ni kuwaambia watu. Watume watoto kwa majirani. Mwite shemeji, mwite mkubwa wa ukoo, mwambie mwalimu wa shule na mkuu wa mtaa. Wakusanye wanawake wa likelemba jioni ile ile, usingoje Jumatatu. Waambie kwa mdomo: anayeandika kwa namba yangu si mimi, msitume kitu. Twajua ya kuwa wengi hushindwa hapo. Mtu aona haya. Asema moyoni: wataniita mjinga, mimi niliyesoma, mimi ninayeheshimiwa. Basi ananyamaza, akitumaini kulimaliza jambo kimya kimya, na katika kimya hicho mwizi anaendelea kuvuna: leo shemeji wa Likasi, kesho mjomba wa Kolwezi, kesho kutwa kaka aliye Ubelgiji, ambaye pesa yake ni kubwa zaidi na ambaye hawezi kuja mlangoni kuuliza habari za mtoto. Kwa maoni yetu, haya hiyo ndiyo mshiriki wa kwanza wa mwizi.

Msidhani, enyi wasomaji, kwamba wizi huu ulizaliwa pamoja na simu. Katika kijiji cha Artigat, kusini mwa Ufaransa, mkulima mmjoa aitwaye Martin Guerre aliondoka nyumbani mwaka 1548, akamwacha mkewe Bertrande na mtoto mdogo. Mwaka 1556 akaja mtu akasema: mimi ndimi Martin. Alijua habari za nyumba, za arusi, za jamaa. Akapokelewa, akakaa na mwanamke yule miaka zaidi ya 3, wakazaa. Mwishowe baba mdogo wa Martin akamshtaki. Mashahidi wengi wakaitwa, wengine wakiapa kwamba ndiye, wengine kwamba siye. Kati yao alikuwamo fundi viatu wa kijiji, aliyesema kwamba mguu wa Martin, aliyekuwa akimshonea zamani, ulikuwa mkubwa kuliko wa huyu. Na kweli, mwaka 1560, kesi ikiwa mbele ya mahakama kuu ya Toulouse, Martin mwenyewe akatokea, akitembea kwa mguu wa mti. Yule mwongo, jina lake Arnaud du Tilh, akanyongwa mbele ya nyumba aliyoiiba.

Kwa nini twasimulia habari ya zamani hivyo? Kwa sababu kijiji kile hakikuwa na vitambulisho, na sisi leo hatuko mbali nacho kama tunavyodhani. Hesabu kuu ya watu wa Kongo ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Kwa miaka mingi raia hakuwa na kadi ya uraia. Mwaka 2023 chache za kwanza zilitolewa, lakini walio wengi hutumia bado kadi ya uchaguzi, ile iliyotolewa na Tume ya Uchaguzi, CENI, tangu maandikisho yaliyoanza Desemba 2022. Na kadi hizo, nyingi zao wino umefifia hata uso hauonekani vema. Uso usioonekana ni uso wa mtu yeyote.

Kuna na jambo la majina yetu yenyewe. Mwaka 1972, wakati wa Zaire, serikali ya Mobutu ilidai watu waache majina ya kizungu na kushika ya asili. Baadaye wengi waliyarudia yale ya kwanza, wengine wakaunganisha yote. Ndiyo maana baba mmoja aweza kuwa na jina moja katika cheti cha shule, jingine katika kitabu cha kazi, na katika kadi ya uchaguzi herufi moja imepotea kwa haraka ya mwandishi. Siku ya amani hakuna anayejali. Siku ya kuibiwa, karani atakuuliza: ninyi wawili ni mtu mmoja? Hapo fundi viatu wa Artigat anahitajiwa tena: jirani, mwalimu, mkuu wa mtaa, kitabu cha ubatizo cha paroki, wale wanaokujua tangu zamani wanaweza kushuhudia kwamba wewe ndiwe.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kitambulisho kikiwa kimeibwa au kupotea, nenda komine upate hati ya kushuhudia kupotea kwake. Wengi huidharau karatasi hiyo, wakiiona kuwa ya kusafiria tu mpaka wapate nyingine. Sivyo. Ina tarehe, na tarehe hiyo ni ukuta: mambo yaliyotendwa kwa kadi ile baada ya siku hiyo, ni vigumu kukubandikia wewe. Halafu uende kwenye ofisi ya CENI kuomba kopi rasmi ya kadi, ile waitayo duplikata.

Hati hiyo haitoshi, lazima ushtaki. Waweza kwenda polisi kwa afisa mwenye mamlaka ya upelelezi, au kuandika barua kwa mwendesha mashtaka wa Serikali, kule Parke. Barua isiwe ndefu wala ya kulia. Iseme wewe ni nani, ulijua lini na saa ngapi, pesa kiasi gani zimetoka na kwa namba zipi, nani aliandikiwa kwa jina lako, na nani ameona. Ambatanisha kopi za ujumbe na ile orodha ya kampuni. Karatasi zenyewe za asili zibaki kwako. Andika barua mbili zilizo sawa, wakuwekee muhuri na tarehe juu ya moja, uirudishe nyumbani. Ukihojiwa, maneno yako yataandikwa. Usitie sahihi kabla hujasomewa yote, na katika lugha unayoielewa. Twasisitiza hilo kwa ajili ya wazee wetu, ambao huheshimu sana karatasi yenye muhuri, hata wakaitia kidole bila kuuliza imeandikwa nini. Na tusidanganyane: pengine mtaombwa pesa ya karatasi au ya mafuta ya pikipiki. Ombeni risiti. Mara nyingi neno hilo pekee hupunguza bei.

Sheria iko upande wenu. Kitabu cha sheria za adhabu cha Kongo, kifungu cha 98, kinamwadhibu anayejipatia mali ya mwingine kwa kutumia majina ya uongo. Tena sheria ya mambo ya dijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, imeongeza adhabu kwa makosa yatendwayo kwa njia ya mitambo. Je, mwizi atapatikana? Mara nyingine hapatikani. Lakini msiseme kwamba basi kushtaki ni bure. Mshtaki hatafuti mwizi tu, anatafuta na ushahidi wa kwamba yeye siye. Yule mama wa Katuba, akikutana na wenzake wa likelemba akiwa na orodha ya kampuni mkono huu na barua yenye muhuri mkono huu, hata kama pesa haikurudi, yeye amerudi.

Wako wezi wa jina wasiotaka simu yako; wanataka kiwanja chako. Huyu hujifanya wewe, au hujifanya mtoto wa marehemu baba yako, na kuuza nyumba mnayokaa kwa mtu asiyeijua. Hapo hatari ni nyingine, kwa kuwa inakwenda polepole na kwa utulivu. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliweka kwamba cheti cha maandikisho, kikiisha kupita miaka 2 bila kupingwa, hakishindwi tena kwa urahisi mahakamani. Aliyenyang'anywa hubaki kudai fidia tu. Miaka 2 si kitu kwa mtu aliye safarini, au kwa mjane anayengoja mwisho wa matanga na mwisho wa magomvi ya ukoo. Kwa hiyo, ukisikia hata uvumi tu kwamba wageni wamekuja kupima kiwanja, usiuache upite. Nenda kwa mtunza vyeti vya ardhi, uulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani leo. Weka upinzani wako kwa maandishi, umtafute mwanasheria. Hapo gharama ya mwanasheria ni ndogo kuliko nyumba.

Na mwingine hukamatwa na wakubwa, akaulizwa jina, akalitaja lako. Hilo hujulikana kwa kuchelewa, pengine siku unapoomba cheti cha mwenendo kwa ajili ya kazi ukaambiwa una hukumu. Usigombane na karani, yeye husoma tu kitabu kilicho mbele yake. Omba namba ya kesi na jina la mahakama, halafu kwa msaada wa mwanasheria udai picha, sahihi na alama za vidole zilinganishwe. Mwongo aweza kulisema jina lako. Vidole vyako hawezi kuvivaa.

Neno moja kwa baba wa nyumba. Ikiwa ni mkeo aliyedanganywa, au mtoto aliyezitoa zile tarakimu 6, usipige wala kutukana. Si kwa upole tu tunasema hivyo. Mtoto aliyepigwa leo, kesho akidanganywa tena atakuficha, nawe utajua baada ya mwezi, wakati njia zote zimekwisha kuzibwa. Mkalishe, akuambie polepole nani aliandika, saa ngapi, kwa maneno gani, nawe uandike. Huyo ndiye shahidi wako wa kwanza.

Mnunulie na daftari ya mistari, ya shule, ile ya bei ndogo. Andikeni humo kila siku mliyokwenda ofisi, jina la aliyewapokea, alichowajibu, namba ya barua. Baada ya wiki 3 hakuna akumbukaye mambo hayo kichwani, na kila karani mpya huuliza yale yale.

Mwisho, mjihadhari na mwizi wa pili. Huja siku chache baada ya wa kwanza, na mara nyingi ni mtu yule yule. Anapiga simu kwa sauti nzuri, akijiita afisa wa kampuni au wa polisi, anajua jina lako na kiasi ulichopoteza, anakuhurumia. Anasema pesa imepatikana, imezuiliwa mahali fulani; linahitajiwa ada dogo la kuifungua, au tarakimu zitakazokuja sasa hivi katika simu yako. Mwenye uchungu hupenda kuamini. Mwulize ofisi yake iko barabara gani, mwambie utakuja mwenyewe pamoja na shemeji yako. Halafu andika namba yake katika daftari, uipeleke Parke ikaunganishwe na barua yako.